Gesi Imeisha

Mtu wa Mkumbi kulipia baridi ni sawa na mvuvi wa Liuli kupanda basi kwenda kununua usipa Songea. Kwetu baridi haina bei. Ikifika Juni inaingia bila hodi, inajilaza kitandani katikati ya mke na mume, na asubuhi unakuta imekutangulia kwenye ndoo ya maji ya kunawia. Nimekulia huko juu, kwenye milima ya Mbinga, katikati ya mashimo ya ngoro na mistari ya mikahawa, ambako ukienda ukweni na blanketi zito unasifiwa mpaka msimu unaofuata. Hakuna mzee hata mmoja aliyenidokeza kwamba iko siku nitasimama juu ya stuli, kipimajoto cha maabara mkononi, nikiibembeleza mashine ya ukutani itutemee ubaridi japo wa kulambia.

Lakini niliolewa ziwani.

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita zisizofika 70, siku hizi lami tupu, na ukishaanza kuteremka unateremka kweli. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Vilele vya Umatengo vinapita mita 1,500. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hadi 7 kila unapopanda mita 1,000, na ukiteremka inakudai nyuzi zako zote. Abiria aliyepanda gari Mbinga na sweta na kofia ya sufu anaanza kuvua kimoja kimoja kwenye kona, na gari linapoingia Mbamba Bay anabaki na kile ambacho adabu inamkataza kuvua. Mimi ni mwalimu wa fizikia, hesabu hiyo naifundisha, kwa hiyo nilimweleza baba watoto kwamba tofauti kati ya ziwani na kwetu ndiyo hiyo hiyo ambayo kiyoyozi kizima kinahangaika kuitoa. Fedha tuiweke kwenye nauli, kila Novemba tupande Mkumbi tukapumue. Akajibu kwamba mwanamume haendi ukweni kila mwaka kwa sababu ya jua.

Novemba ya ziwani inahitaji maelezo kwa wasioijua. Upepo wa kusini, ule ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, umeshachoka na kuondoka. Mvua zimeonekana juu ya milima lakini hazijateremka. Bati linalia mchana kutwa, maji ya bomba yanatoka yameshapashwa kwa ajili ya chai, na usiku godoro linakurudishia joto ulilolipa mchana. Katika hali hiyo mtu mzima mwenye akili anaweza kufanya lolote, na baba watoto alifanya.

Zamani wazo lenyewe lisingekuja. Kwa miaka mingi mkoa wa Ruvuma uliwashiwa taa na jenereta za dizeli, na mwenye friji inayogandisha alikuwa mtu wa kuamkiwa mara mbili. Mwaka 2018 laini kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikafika Songea, mkoa ukaungana na gridi ya taifa, na watu wa ufukweni wakaanza kuota mambo ya Dar es Salaam. Binamu yake baba watoto, anayeishi huko huko Dar, alikuwa anabadilisha kiyoyozi. Cha zamani kikapakiwa kwenye lori lililokuwa linarudi tupu kufuata makaa ya mawe ya Ngaka. Kilitoka Dar cheupe, kikafika cheusi.

Ubavuni kilikuwa na kibandiko: BTU 9,000, gesi R410A. Wenye kazi yao huita BTU 12,000 kwa saa tani moja, kwa sababu ni ubaridi ambao ungeupata kwa kuyeyusha tani ya Kimarekani ya barafu, yenye kilo 907, kwa saa 24. Chetu basi kilikuwa robo tatu ya tani. Nilipiga hesabu kwa sauti: kilo 680 za barafu kila siku, sebuleni. Kosa la walimu ni kufikiri watu wanasikiliza hesabu nzima. Baba watoto alisikia neno barafu, akaanza kuangalia pa kupanga samaki.

Msimu wa kwanza hakikuwa na neno. Mama mkwe, ambaye amezaliwa ng'ambo upande wa Malawi na anaishi nasi, alikaa chini yake amejifunika khanga mbili na kuuliza swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawajawahi kuniuliza: joto lililokuwa humu ndani limekwenda wapi? Nikamwambia, mama, mashine haitengenezi baridi. Inaokota joto humu ndani, inalipitisha kwenye paipu, inakwenda kulimwaga nje. Akafikiri. "Kwa hiyo mnawamwagia majirani." Sijawahi kupata jibu zuri la sentensi hiyo, na kwa kweli hata wakubwa wa dunia waliokutana Kigali Oktoba 2016 kuzungumzia gesi hizi hawakuwa mbali sana na hoja yake.

Msimu wa pili kikaanza kupuliza upepo wa uvuguvugu. Taa yake inawaka, feni inazunguka, mabawa yanapanda na kushuka kwa madaha, na jasho linatutiririka tukiwa tumekaa mbele yake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika mji wetu kila mtu ni fundi wa viyoyozi, hata ambaye hajawahi kukiona, na mafundi wote hao wana ugonjwa mmoja tu wanaoujua. Muuza mkaa alipita dirishani, akasikiliza, akasema gesi imeisha. Kijana wa bodaboda alisema gesi. Shemeji yangu mvuvi, ambaye injini yake ya boti imekufa kwa sababu zisizohesabika na hakuna hata moja iliyohusu gesi, alisema gesi.

Mimi nikaanza na rimoti, maana ndivyo ninavyofundisha: kabla hujalaumu betri, angalia swichi. Rimoti ilikuwa kwenye picha ya jua. Pana picha ya kipande cha theluji, ambayo ndiyo ya kupooza, ya tone la maji, ya kukausha unyevu, ya feni, na ya jua, ya kupasha joto kwa watu wa nchi za barafu. Kiyoyozi chetu hakina uwezo wa kupasha, kwa hiyo ukikipeleka kwenye jua kinapuliza upepo tu. Nani amebonyeza? Mama mkwe hakukana. "Si nje kuna jua? Nimeiambia hali ya hewa." Ukiniuliza mimi, mantiki hiyo haina kasoro; waliokosea ni waliotengeneza rimoti.

Tukairudisha kwenye theluji. Baba watoto akaiteremsha hadi 16, kwa imani kwamba namba ndogo inaitisha mashine ikimbie. Kiyoyozi cha aina yetu, kisicho cha inveta, hakina mwendo wa haraka na wa polepole. Kompresa ama inafanya kazi ama imelala, na ile 16 ni mahali pa kusimamia tu. Ukiweka 24 inafanya kazi kwa nguvu ile ile, ila inajua lini ipumzike. Niliyasema haya kwa sauti ya darasani. Rimoti ikahamia mfukoni mwake.

Kikapoa kidogo, hakikuridhisha. Halafu ikaja siku ya Simba na Yanga.

Naomba niseme jambo kuhusu majirani zangu, ninaowapenda. Habari ya kiyoyozi ilikuwa imefika mbali kuliko ubaridi wake, na siku ile sebule ilijaa hadi wengine wakakaa kwenye mabegi ya mahindi. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la kama wati 100. Anayebishana kuhusu penati hutoa zaidi. BTU 9,000 ni kama kilowati 2.6. Weka watu wa kutosha, ongeza televisheni, ongeza bati lililokunywa jua tangu asubuhi, ongeza mlango unaofunguliwa kila dakika na mtoto anayetumwa karanga, ongeza mama mkwe ambaye hawezi kukaa chumba kisichoona njia na kwa hiyo amelifungua dirisha. Mashine inaingia uwanjani imeshafungwa. Kufikia kipindi cha pili watu walikuwa wanajipepea kwa vifuniko vya ndoo, huku wakikubaliana, Simba na Yanga pamoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi, kwamba gesi imeisha.

Basi akaitwa fundi, wa kutoka mbali kidogo, mwenye begi la zana na mtungi. Nilitegemea atapanda ngazi. Aliweka kiganja mbele ya upepo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Gesi imeisha, mwalimu."

"Imekwenda wapi, fundi?"

"Inaishaga tu."

Hapa nililazimika kusimama, na msomaji aniwie radhi nikisimama kidogo na hapa pia. Gesi ya jikoni inaisha kwa sababu tunaichoma. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala hailiwi. Iko ndani ya paipu zilizofungwa pande zote, inazunguka: ndani inachemka na kubeba joto, nje inabanwa na kompresa, inalitema joto, inageuka kimiminika, inarudi. Inaweza kuzunguka hivyo hadi mashine ioze. Ikiwa imepungua, pana tundu, na tundu lina dalili: mafuta mafuta kwenye maungio ya paipu, povu la sabuni linalotokota ukilipaka, barafu kwenye paipu nyembamba ya nje. Kujaza bila kuziba tundu ni kumlipa fundi akutembelee tena mwakani. Isitoshe R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, hujazwa kwa kupimwa uzito, na msukumo wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa R22 ya zamani. Mtungi wa fundi ulikuwa wa R22. Kilo moja ya hiyo R410A ikitoroka angani hupasha dunia sawa na kilo zaidi ya 2,000 za hewa ukaa, na huku kwetu joto lililopo linatosha.

Tulimpa fundi nauli na wali kwa samaki. Aliondoka akiwa na uhakika kwamba mwalimu ni mgumu wa mkono, uvumi ambao Wamatengo tunasingiziwa siku zote.

Nikaazima kipimajoto maabara. Kiyoyozi chenye afya kinatakiwa kutoa hewa iliyo baridi kwa nyuzi 8 hadi 12 kuliko ile inayoingia juu yake. Yetu ilikuwa inaingia na 31, inatoka na 26. Wanafunzi wangu wangeipa alama ya D. Nikafungua kifuniko cha mbele kutazama filta, ule wavu mwembamba unaozuia vumbi, na sikuiona filta. Niliona chapati.

Tabaka la chini lilikuwa jeusi, vumbi la Ngaka lililosafiri bila tiketi. Juu yake pana tabaka jeupe, nene, lililolowa na kukauka na kulowa tena. Wifi yangu, ilibainika, huchekecha unga wa muhogo chini ya kiyoyozi, kwa kuwa pale pana kaupepo kazuri kanakopeleka makapi pembeni. Unga unapanda, mashine inauvuta, na unyevu wa hewa ya ziwa unaukanda. Nyuma ya chapati hiyo koili ilikuwa imeganda barafu tupu, kwa sababu koili isipopata hewa ya kuipasha joto inajipooza yenyewe hadi chini ya sifuri. Barafu ikishatanda, hewa inazidi kukosa pa kupita. Watoto waliiona kabla sijawafukuza. Walibandua vipande, wakakimbia navyo nje kuvionyesha, na mmoja wa jirani alikitia chake kwenye kikombe cha ubuyu. Mama mkwe alifurahi: barafu ya samaki hatimaye imefika.

Ilibidi tukizime, tuache feni peke yake iyeyushe. Maji yaliyotoka kwenye bomba la kutolea yalijaza ndoo, na kijana wa bodaboda akaomba kidogo ya betri, akisema ni safi kuliko ya dukani. Si kweli, yana uchafu wote wa koili, lakini pikipiki yake inawaka mpaka leo kwa hiyo simbishii. Unyevu huo unastahili heshima yake. Willis Carrier alipobuni mtambo wake wa kwanza mwaka 1902 hakuwa anawaonea huruma watu wenye jasho; alikuwa anakisaidia kiwanda cha uchapishaji kule Brooklyn, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kwa unyevu na rangi zikakosana. Mtu alipoa kwa bahati, baada ya karatasi. Kando ya ziwa kubwa namna hii kiyoyozi kinatumia nguvu nyingi kukamua maji hewani kabla hakijakukumbuka wewe.

Filta ikaoshwa, unga ukahamishiwa ukumbini. Tukapima: 31 kwa 25. Wifi, ambaye alikuwa amenuna kwa sababu ya unga, akauliza kwa upole kama sasa tunaweza kukubali kwamba gesi imeisha.

Kilichofuata nitakipitisha haraka, maana bado kinanitia baridi ambayo kiyoyozi kilishindwa kunitia. Niliona kwamba kompresa ikiwaka, taa ya sebuleni inafifia. Fundi umeme akapanda darini, akakuta waya wa kiyoyozi umeungwa katikati na kiungo kuviringishiwa mfuko wa nailoni, na nailoni imeshaanza kuwa nyeusi. Nyumba ilikuwa inajiandaa kuungua polepole, kwa awamu. Akaanza kuuondoa ili apitishe waya mzima mnene wenye breka yake. Chini, mama mkwe aliona televisheni imezimika muda wa taarifa ya habari unakaribia, akaenda kwenye swichi kubwa, akaiwasha.

Ufuo huu una historia yake ya matengenezo yanayokatizwa. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, inatengenezwa, ndipo Gwendolen ya Waingereza ilipotokea na kuipiga mzinga. Habari za vita vya Ulaya zilikuwa hazijamfikia nahodha Mjerumani. Inasimuliwa kwamba alipanda mtumbwi kwa hasira, akapiga makasia hadi kwa mwenzake Mwingereza, ambaye walikuwa wakinywa pamoja, akamuuliza kama amelewa. Fundi wetu alishuka kutoka darini bila kugusa vipandio vya ngazi, mzima wa afya, mashallah, na swali lake lilikuwa lile lile. Ila aliona anayemuuliza ni bibi wa nyumba, akalimeza nusu. Mama mkwe alimpa pole na kumuuliza kama taarifa ya habari imeshaanza.

Waya mpya, taa haififii, kipimajoto kinasema 31 kwa 25. Na sasa kikaongeza tabia: kinafanya kazi dakika chache, kompresa inanyamaza, baada ya muda inaamka, inanyamaza tena. Fundi umeme, akifunga begi lake, akasema kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu na asiyetaka ugomvi: "Mwalimu, mimi ni wa waya. Lakini mngeangalia na gesi."

Aliyetegua kitendawili ni mama mkwe. Asubuhi moja alizunguka nyuma ya nyumba kufuata kuni, tukasikia sauti yake, si ya hofu, ya mtu aliyekuta mali imetupwa.

"Mkwe! Nani ameanika nkhungu kwenye mashine?"

Ambaye hajakaa Nyasa lazima aelezwe. Kuna nyakati moshi unainuka katikati ya ziwa, nguzo kwa nguzo, mrefu kuliko milima, na mgeni anadhani meli inaungua. Si moshi, ni wadudu, vijinzi wadogo mno waliokua chini ya maji na sasa wametoka wote kwa pamoja kuoana. Wataalamu waliwapa jina Chaoborus edulis, na hilo neno la pili ni la Kilatini, linatangaza kwamba wanaliwa. Ng'ambo, upande wa Malawi, huwaita nkhungu. Wanawakusanya, wanawafinyanga, wanawapika, na Livingstone alipopita kwenye ziwa hili alionja keki yao akaandika kwamba inakaribia ladha ya mayai ya samaki. Upepo ukigeuka wanatua kwetu. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 bado unabishaniwa na serikali mbili, nkhungu hawajausikia.

Wadudu hao wanapenda taa. Na taa ya ulinzi ya nyumba yetu, kwa ustadi wa aliyefunga, ilikuwa juu kabisa ya mashine ya nje. Na mashine ya nje ilikuwa ukuta wa jikoni, hatua chache kutoka mahali wifi anapokaangia samaki na maandazi ya biashara. Sasa panga mambo: moshi wa mafuta unavutwa na feni, unapaka mapezi ya koili kila siku utandu mwembamba unaonata. Usiku taa inawaita nkhungu kutoka ziwani. Wanafika, wanazunguka taa, feni inawanyonya, wananasa. Kesho yake mafuta mengine. Kesho kutwa wadudu wengine. Mgongo wa mashine ulikuwa umevaa zulia jeusi, zito, limeshikana, na ukilibonyeza kidole kinabaki na alama.

Ndiyo sababu mashine ilikuwa inazimia. Joto lililookotwa sebuleni linafika nje, linakuta mlango umezibwa, halina pa kumwagwa. Msukumo ndani ya paipu unapanda, kompresa inachemka, kinga yake inaikata isije ikaungua, ikipoa inajaribu tena. Gesi ilikuwemo yote, kila gramu, inazunguka na mzigo wake ikitafuta pa kuutua. Kule kumwagia majirani alikotulaumu nako mama mkwe tulikuwa tumeacha kitambo, bila kujua, na ndiyo maana joto lote tulikuwa tunakaa nalo wenyewe.

Nilitaka kuzima breka na kuleta bomba la maji. Mama mkwe akasimama kati yangu na mashine, ungo mkononi. Huwezi kuosha kitoweo kwa sabuni, alisema, na mimi nilikuwa na kazi ya kumweleza kwamba kile kimekaa miezi kwenye moshi, vumbi na mafuta ya maandazi. Wifi akasema mafuta yake ni masafi. Baba watoto akasema yeye anasubiri tumalize. Tulikubaliana kwamba tabaka la juu kabisa, la usiku wa jana, lirudi kwake, na lililobaki ni langu.

Lililobaki lilichukua asubuhi nzima. Unasugua kwa brashi laini na maji ya sabuni, unafuata mapezi yanavyokwenda, hukatizi, maana yanapinda kama karatasi ya sigara. Unamwagia kwa bomba la kawaida na si la kuoshea magari, ambalo shemeji alishakwenda kuliazima na ikabidi alirudishe. Maji yalitoka meusi, yakawa kahawia, yakawa na rangi ya chai ya maziwa, na kuku wa mtaa mzima walikuwa wamepata habari. Tulipowasha, kipimajoto kikapanda na kushuka, kikatulia: inaingia 30, inatoka 19. Baba watoto alitoa rimoti mfukoni akanikabidhi mbele ya watu.

Jioni muuza mkaa alipita, akasimama dirishani, akausikia ubaridi kwenye uso wake. "Mmejaza gesi," alisema, akaenda zake ameridhika.

Ikabaki taa. Nilisema ihamishwe mbali na mashine, hadi kwenye mwembe, vinginevyo baada ya miezi tutakuwa pale pale. Baba watoto akaleta ngazi. Mama mkwe, ambaye kwa saa nzima alikuwa amejikunyata chini ya kiyoyozi na blanketi la Mkumbi alilopewa na mama yangu, akatoka nje kuzuia. Maisha yake yote, alieleza, amewakimbiza nkhungu kwa ungo na kikapu hadi mikono inauma, na sasa mwanawe amenunua kitu kinachowavuta chenyewe, usiku, watu wamelala, halafu mkwe msomi anataka kukiharibu.

"Mashine ya ndani izimeni, mimi nasikia baridi," alisema. "Hii ya nje iacheni iwake."

Nikamwambia, mama, haziwezi kutengana, ni kitu kimoja. Ya nje haiwezi kufanya kazi ya ndani ikiwa imelala, kwa sababu joto linalo…

"Mkwe," akanikata, "fizikia utawafundisha watoto wa serikali. Mimi nimeomba feni tu."

Baba watoto bado yuko juu ya ngazi, anatusubiri tena.